Binti yuko Rwamkoma JKT, wiki ya tatu simu haipatikani: nifuatilie wapi na niandae nini?

Mama_Igoma ameandika:

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Binti yangu amemaliza kidato cha sita mwaka huu na amepangiwa Rwamkoma JKT (kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa), wilaya ya Butiama. Alipanda basi Nyamhongolo, akapiga simu akiwa Makutano kwamba ameshuka na wenzake na wanatafuta usafiri wa kuingia kambini. Tangu hapo hii ni wiki ya tatu, namba haipatikani. Ana pumu, na alibeba inhela moja tu.

Naomba mwenye kujua anisaidie haya. Ukimya huu ni wa kawaida? Nimuulizie wapi bila kuonekana msumbufu? Naruhusiwa kwenda Jumapili na kumpelekea chakula? Na dirisha la mkopo likiwa wazi wakati yeye yuko ndani, nimngoje au nianze mwenyewe? Jambo la mwisho: juzi amenipigia mtu anajiita afande, anasema mtoto amelazwa na nitume 85,000 ya dawa. Sijatuma, lakini roho haitulii.

Kombania_C amejibu:

Mama, pole kwa kusubiri. Nianze na linalokunyima usingizi: wiki tatu za kimya mwanzoni mwa mafunzo ni kawaida. Kuruta, yaani kijana anayeanza mafunzo, akifika husajiliwa, hupimwa afya, hunyolewa (mabinti pia, usije ukashtuka ukiona picha), kisha hupangiwa kombania (kundi kubwa la kuruta), platuni (kundi dogo ndani yake) na hanga, yaani bweni la kulala. Simu hukatazwa, au hukusanywa na kutunzwa hadi uongozi utakapoamua. Simu iliyofungiwa kabatini huisha chaji baada ya siku chache, ndiyo maana unasikia "namba unayopiga haipatikani" badala ya kuita bila kupokelewa. Sauti ile inakupa habari za betri, mama. Habari za mtoto haina.

Kuna kitu wazazi hawaambiwi na kingewatuliza sana: kuruta anahesabiwa. Asubuhi anahesabiwa, jioni anahesabiwa, kila platuni kivyake, na mkuu wa platuni lazima atoe jibu la kila mmoja: yupo, yuko zahanati, yuko kazini. Binti anaweza kukaa mwezi bila kukupigia, lakini hawezi kukosekana siku nzima kikosi kisijue.

Tena msijilaumu kwa kutoyajua haya. JKT ilianza tarehe 10 Julai 1963, lakini mafunzo ya mujibu wa sheria, haya ya lazima kwa wanaomaliza kidato cha sita, yalisimamishwa mwaka 1994 yakarudi 2013. Wazazi wengi wa sasa walimaliza shule katika pengo hilo, hawakupita kambini. Kama babu au bibi wa huyo binti alipitia, kaa naye jioni moja. Atakueleza kwata (gwaride), chenja (nyimbo za jeshini) na mchakamchaka vizuri kuliko shangazi aliyemaliza 2001.

Sasa kuulizia. Anza na shule yake. Majina hutangazwa kwenye tovuti ya JKT pamoja na shule na kambi, kwa hiyo unaweza kuwaona wenzake waliopangwa kikosi kimoja naye. Andika majina hayo, tafuta wazazi wao kupitia mwalimu wa darasa au kundi la WhatsApp la wazazi. Wakiwa kumi, ni rahisi mmoja awe ameshapata nafasi ya kupiga, na huyo mmoja ndiye atakayekupa jina la kombania ya wote.

Ukikosa huko, nenda kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya. Wewe uko Igoma, kwa hiyo wako ni wa Nyamagana, usiende Ilemela. Anapatikana kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, naye ni mwanajeshi, anajua kikosi kinapatikanaje. Nenda na karatasi yenye majina matatu kama yalivyo kwenye cheti, shule, namba ya mtihani, tarehe aliyoripoti na kikosi: 822 KJ Rwamkoma. KJ ni Kikosi cha Jeshi, na namba hiyo hutumika kwenye mawasiliano yao kuliko jina la mahali.

Ukipata namba ya kikosi, piga siku ya kazi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Usianze kwa kusema "nataka kuongea na mwanangu". Utajibiwa kwamba yuko kwenye mafunzo na mazungumzo yataishia hapo. Sema: "Nina taarifa ya kiafya ya kuruta fulani, ana pumu, naomba zahanati ya kikosi iandike." Taarifa ya namna hiyo ina mtu wa kuipokea na mahali pa kuiandika, na mara nyingi anayekujibu atakuambia palepale yuko kombania gani na anaendeleaje.

Muuguzi_Kanda_ya_Ziwa amejibu:

Niongeze hapo kwenye pumu, maana inhela moja inaweza isitoshe.

Inhela ya kawaida ya salbutamol, ile ya bluu, ina mivuto 200. Kama daktari alimwandikia avute miwili dakika 10 hadi 15 kabla ya mazoezi, na akavuta mingine miwili usiku kwa sababu ya vumbi au baridi ya alfajiri, hiyo ni minne kwa siku. Kopo litaisha siku ya 50. Mafunzo ni miezi mitatu. Maana yake kuanzia wiki ya nane binti anakimbia mchakamchaka na kopo lisilo na dawa, na mbaya zaidi anaweza asijue, kwa sababu gesi huendelea kutoka na kulia "fsss" hata dawa ikiwa imekwisha. Ile njia ya kulitumbukiza kopo kwenye ndoo ya maji kuona kama linaelea haiaminiki, na inaziba tundu. Njia ya uhakika ni kuhesabu: tarehe aliyoanza kopo iandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye plastiki, au anunuliwe lenye kihesabio.

Nenda hospitali anakohudhuria, omba barua fupi ya daktari yenye mhuri: jina la ugonjwa, dawa na kipimo, vitu vinavyomwamsha pumu, na dalili za kumkimbiza hospitali. Dalili zenyewe ni kushindwa kumaliza sentensi moja bila kupumua katikati, midomo kubadilika rangi, au kuvuta dawa bila nafuu. Toa nakala mbili, moja ya zahanati ya kikosi na moja ya kombania. Hii ya pili ndiyo wazazi husahau. Anayemwona akibaki nyuma kwenye mchakamchaka si muuguzi, ni mkufunzi, na mkufunzi asiye na karatasi anaona mvivu. Akiwa na karatasi anamrudisha zahanati, apewe ED, yaani ruhusa ya mgonjwa kutofanya mazoezi, apumzike.

Na yeye mwenyewe akumbushwe kufunga kifuniko kila akimaliza kuvuta. Inhela ikikaa mfukoni mwa bukta bila kifuniko inajaa mchanga, na mvuto unaofuata unapeleka mchanga kooni. Plastiki ioshwe kwa maji mara moja kwa wiki, kopo likiwa limetolewa, ikaushwe kivulini. Akiona anaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki ukiacha ile ya kabla ya mazoezi, hiyo ni pumu isiyodhibitiwa. Aseme zahanati mapema.

Wenye watoto wa seli mundu, ambayo huku kwetu kanda ya ziwa ni nyingi, barua ni hiyohiyo, tena msingoje mtoto aondoke.

Wakala_Nyakato amejibu:

Mama umefanya vyema kutotuma. Na usitume hata akipiga tena akiwa analia.

Kikosi kina zahanati. Kuruta akizidiwa hupelekwa hospitali kwa gari la kikosi na mzazi hutaarifiwa na uongozi. Hakuna utaratibu wa afande kumwomba mzazi pesa ya dawa kwenye namba yake binafsi usiku. Matapeli hawahitaji kuwa na mtu ndani ya kambi: majina, shule na kambi viko kwenye tangazo la wazi, na namba yako wanaipata kwenye makundi ya WhatsApp au kwenye posti za "mwanangu ameenda JKT, tumwombee". Ndiyo maana anajua jina la binti na bado ni mwongo.

Akipiga, usibishane naye. Muulize majina matatu, kombania, jina la hospitali na wodi. Kata simu, kisha piga mwenyewe hospitali hiyo au kikosini. Tapeli atakubana usikate, atasema mtoto yuko chumba cha upasuaji sasa hivi. Haraka ndiyo biashara yake. Ujumbe wake pamoja na namba yake upeleke 15040, ndiyo namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Kwa aliyekwisha kutuma: piga 100 ya mtandao wako saa hiyohiyo ukiwa na kumbukumbu ya muamala iliyo kwenye ujumbe. Pesa ambayo haijatolewa inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, imebaki kesi. Usifute ujumbe, nenda polisi upate RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako.

Kuna na aina ya pili huja mwezi wa mwisho wa mafunzo: "toa milioni, binti abaki aajiriwe JWTZ." Nafasi za jeshi hutangazwa wazi na haziuzwi. Halafu mujibu wa sheria wa miezi mitatu si ajira. Wale wa kujitolea ni kundi jingine lenye utaratibu wake.

Binti akipata simu na kuomba hela ya sabuni au kantini, tuma kwenye laini yake yenye jina lake tu. Kama anatumia simu ya mtu, muulize kitu kisichoandikwa popote, kwa mfano nani analala chumba cha uani. Mtoto wako halisi atajibu kabla hujamaliza kuuliza.

Mwl_Buhongwa amejibu:

Kwenye mkopo, usimngoje. Hapa ndipo familia nyingi hupoteza, na hupoteza kimyakimya, kwa sababu macho yote yako kwenye simu isiyoita.

Angalia kalenda. Mtihani Mei, kambi inaanza, matokeo yanatoka Julai yeye akiwa kwenye gwaride, udahili wa vyuo unafunguliwa, mkopo nao uko wazi. Miaka ya 2024 na 2025 dirisha la Bodi ya Mikopo lilifunguliwa Juni. Akirudi nyumbani siku zilizobaki ni za kukimbizana, au hakuna kabisa.

Kwanza, namba ya simu. Ujumbe wa uthibitisho hutumwa kwenye namba iliyosajiliwa. Laini ikiwa kwenye kabati la kombania, huna utakachosoma. Kama binti alikuwa hajajisajili kokote, sajili kwa namba yako, mkopo na vyuo pia. Na usipoteze nauli kwenda dukani kurudisha laini yake. Wanataka alama za vidole vyake. Hili la namba lina uzito zaidi baadaye: akichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe kwenye simu aliyoombea. Siku za kuthibitisha zina mwisho. Ujumbe ukienda kwenye simu iliyozimwa, nafasi aliyoipata kwa alama zake inakwenda.

Pili, vyeti. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) kupitia mtandao, na kama mzazi mmoja alifariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Anza hiki kabla ya vyote kwa sababu majibu huchukua siku. Kagua majina herufi kwa herufi dhidi ya cheti cha kidato cha nne. Kwetu Usukumani shida iko palepale kila mwaka: Ng'wandu kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwandu shuleni, au L na R zimebadilishana. Mfumo haujui kwamba ni mtu mmoja. Ikiwa majina hayalingani, muone wakili mapema kwa ajili ya hati ya kiapo au ya kubadili jina.

Tatu, fomu yenyewe. Akaunti ya OLAMS, mfumo wa Bodi wa kuombea mkopo mtandaoni, hufunguliwa kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, si ya sita. Ada ni shilingi 30,000, hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo mfumo unakutengenezea, kwa hiyo usimpe mtu wa stationari fedha mkononi bila kuiona namba hiyo. Andaa kitambulisho na picha ya mdhamini, saini na mhuri wa serikali ya mtaa, na mhuri wa wakili au hakimu. Zipakie zikiwa zimeskaniwa. Picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu chini ya taa ya chumba, yenye kivuli cha mkono, hurudishwa.

Kinachobaki ni saini ya binti mwenyewe. Naomba sana msimsainie. Ni saini ya mkataba wa deni lake. Chapa kurasa zinazohitaji saini yake, weka alama ndogo ya penseli pale anapotakiwa kusaini, ziingize kwenye bahasha ya plastiki pamoja na kalamu ya wino, utampa siku utakayoruhusiwa kumuona. Kabla ya safari hiyo uliza kikosini kama maofisa wa Bodi watapita. Wamekuwa wakifika kwenye kambi za JKT kuwasaidia vijana, na wakifika, suala la saini linakwishia hukohuko.

Mama_Igoma ameandika:

Mungu awabariki sana. Nimempata mzazi mwenzangu wa shule ileile, anasema kijana wake alipiga jana kwa simu ya afande na wote wamefika salama. Binti yangu yuko Kombania B. Kesho naenda hospitali kuchukua barua ya daktari. Bado sijaelewa jinsi ya kufikisha hiyo barua na inhela ya pili, na kama nauli niitenge ya Jumapili hii.

Kombania_C amejibu:

Usiende Jumapili hii bila kuambiwa. Kila kikosi kina siku zake za wageni, na mzazi anayetokea tu huishia getini, akiwa ameacha nauli ya kwenda na kurudi njiani. Barua na inhela zina njia ya mkato: wewe na huyo mzazi mwenzako mpige kikosini, mseme kuna dawa ya kuruta wa Kombania B, muulize ipokelewe na nani. Siyo kutupia kifurushi kwenye basi bila jina la mpokeaji, kwa maana kitalala ofisi ya basi Musoma na joto lake, na inhela haitakiwi kukaa kwenye joto kali wala juani.

Siku ukiruhusiwa, panda la alfajiri Nyamhongolo, pitia Magu, Lamadi, Bunda, ushuke Makutano. Ukipitiliza hadi Musoma mjini utarudi nyuma. Makutano ndipo inapochepuka barabara ya Butiama. Beba kitambulisho chako cha taifa. Usivae nguo yenye madoadoa yanayofanana na sare za jeshi, hata kitenge, hairuhusiwi kwa raia. Simu utaiacha getini, na usipige picha yoyote ya kambi.

Chakula acha nyumbani. Najua dagaa wa kukaanga na sangara ndiyo upendo wetu wa huku, lakini chakula kisichopikwa jikoni kwa kikosi hakiruhusiwi kuingia, na sababu ni ya kweli: mtu mmoja akiharisha kwenye hanga, usiku wa pili wameharisha wote. Peleka vitu vinavyoisha: sabuni ya mche, dawa ya meno, pedi pakiti tatu, soksi ndefu nyeusi jozi mbili, plasta za malengelenge. Soksi ndizo atakazozifurahia zaidi. Raba mpya na soksi iliyotoboka kisigino ndivyo vinavyochuna miguu wiki za mwanzo. Kama raba zake zimechanika, rangi ni kijani au bluu, na shuka ni bluu bahari. Nyingine hawazikubali.

Wakati unangoja, mwandikie barua. Juu ya bahasha andika jina lake kamili, Kombania B, 822 KJ Rwamkoma, kisha sanduku la posta ambalo Mshauri wa Mgambo atakupa. Andika ukijua inaweza kufunguliwa na kusomwa na wakubwa wake, kwa hiyo pesa usiweke ndani, na ugomvi wa nyumbani usiuandike. Mpe habari ndogondogo: nani amejifungua, mvua imenyesha lini, mdogo wake amepata ngapi kwenye hesabu. Mwambie wazi kwamba mkopo unashughulikiwa na namba inayotumika ni yako, maana hilo nalo linamuumiza kichwa kule.

Na ndani weka bahasha ya pili, iliyokunjwa mara mbili, yenye anwani yako na stempu imeshabandikwa, pamoja na karatasi mbili nyeupe. Kuruta hana pa kununulia stempu. Akipata robo saa kabla ya kulala, kila kitu cha kukujibu kiwe mkononi mwake.